Mlinzi Asiyedai Mshahara

Kila usiku, wakati wafanyakazi wa miji yetu na wakulima wa vijiji vyetu wamejilaza baada ya kazi ya mchana, yuko mfanyakazi mmoja ambaye zamu yake ndiyo kwanza inaanza. Hana chama cha wafanyakazi, hana likizo, hana mkataba wala kiinua mgongo. Akisikia kishindo nyuma ya banda la kuku, hubweka. Akimwona uani mtu asiyemjua, husimama kati ya mtu yule na mlango. Ujira wake ni ukoko wa ugali, na ziko siku ambazo hata huo haupati. Mfanyakazi huyo ni mbwa, na leo twataka kumsemea, maana yeye mwenyewe hana kinywa cha kudai haki yake.

Twajua wako watakaocheka. Watauliza kama gazeti la Chama limekosa jambo la kusema hata likaandika habari za mbwa, na hali wapo watu wasio na maji ya bomba wala zahanati ya karibu. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Jambo la mbwa si la mbwa peke yake. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao watu 99 kati ya kila 100 wanaoupata huupata kwa mbwa, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa makisio ya wataalamu, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao si watoto wa matajiri wa Ulaya. Ni watoto wachungao mbuzi, waendao shule kwa miguu, na wachezao uwanjani nyuma ya soko. Basi anayesema kwamba habari za mbwa si habari za maskini, hajui kaburi la nani linachimbwa.

Hoja yetu ni hii. Mbwa aliyetunzwa vema ni usalama wa mtaa mzima, na mbwa aliyetelekezwa ni hatari ya mtaa mzima. Kwa hiyo kumtunza si anasa, wala si huruma ya hiari ambayo mtu aweza kuwa nayo au kutokuwa nayo. Ni wajibu wa kila aliyeamua kufuga.

Wako wasemao kwamba kumwangalia mbwa ni desturi ya Wazungu. Chanzo cha maneno hayo twakijua. Katika siku za ukoloni kibao cha "Mbwa Mkali" kilitundikwa langoni pa bwana mkubwa, na mbwa wa nyuma ya lango lile alikula nyama ambayo mtunza bustani hakuionja kwa mwezi mzima. Si ajabu kwamba wazee wengi waliondoka kwenye malango yale na uchungu moyoni. Lakini si haki kumhukumu mbwa kwa kosa la bwana wake. Mbwa alikuwa wa kwetu kabla ya kibao kile kuandikwa. Alikwenda na wachungaji malishoni na wawindaji porini, na wahenga waliomjua walisema kwamba mbwa wa msasi mkali naye huwa mkali. Maana yake ni kwamba tabia ya mbwa ni kioo cha yule amfugaye. Ukiona mbwa mwoga, mwenye njaa, mwenye kuuma kila apitaye, usimtazame mbwa, mtazame mwenyewe.

Na urafiki huu ni wa kale kuliko mataifa yote. Huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, ilifukuliwa mifupa ya mbwa mchanga aliyezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke miaka ipatayo 14,000 iliyopita. Wataalamu waliochunguza meno yake waliandika mwaka 2018 kwamba mbwa yule aliugua sana, na ugonjwa wenyewe yaelekea ulikuwa ule uitwao distempa, ambao huua mbwa wachanga hata leo. Lakini hakufa mara moja. Aliishi kwa majuma kadha katika ugonjwa wake, jambo ambalo lisingewezekana kama hapangekuwa na watu wa kumlisha, kumsafisha na kumtia joto. Watu wale hawakuwa na shamba wala ng'ombe, na mbwa mgonjwa hakuweza kuwafanyia kazi yoyote. Hata hivyo walimwuguza. Sisi tulio na hospitali, shule na serikali, je, tushindwe na watu wa mapangoni?

Dini zetu nazo hazikunyamaza. Mkristo aliyesoma Mithali ajua kwamba mwenye haki hutambulikana pia kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Mwislamu aliyesoma Hadithi azijua habari za mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Suala la tohara lina mafundisho yake, na kila mwenye imani ayafuate. Lakini tohara haikuamuru ukatili, na mbwa wa ulinzi, wa uwindaji na wa malisho waliruhusiwa tangu zamani.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Ni haki gani apasayo kupewa mbwa ili awe na afya na furaha?

Ya kwanza ni maji. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mwanadamu. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi hupoteza maji. Mbwa aliyefungwa juani mchana kutwa kwenye bati la joto, na bakuli lake limekauka tangu asubuhi, anateswa hata kama hakupigwa fimbo. Bakuli la maji safi, lililowekwa kivulini na kubadilishwa kila siku, halimgharimu mtu senti kumi.

Ya pili ni chakula. Hatusemi mbwa anunuliwe chakula cha makopo. Ugali uliochanganywa na dagaa, au na mabaki ya nyama na mchuzi usiokolea chumvi, wamtosha, mradi apewe kila siku na kwa saa inayojulikana. Lakini yako mambo ya kujihadhari. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na ncha hizo huweza kutoboa utumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti humdhuru mbwa hata kama kwetu ni vyakula vitamu. Na lile lizoeleweka mno siku za kuchinja, la kumtupia mbwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji, ni hatari kuu. Ndani ya malengelenge yale mna tegu mdogo. Akiliwa na mbwa hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakaingia katika majani, maji, na mikono ya watoto. Mtu akiyameza huota uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu, ambao huenda ukakua kwa miaka mingi kabla ya kujulikana. Watu wa Turkana nchini Kenya waliteseka sana kwa ugonjwa huu. Dawa yake huanzia machinjioni: viungo vibovu vichomwe moto au vifukiwe chini sana, wala asipewe mbwa.

Ya tatu ni dawa ya minyoo. Mtoto wa mbwa aweza kuzaliwa akiwa nayo tayari, kwani huipata kwa mama yake, hivyo apasa kuanza kupewa dawa akiwa na majuma mawili. Na mbwa mzima apewe kila baada ya miezi mitatu. Mwenye kudhani kwamba hilo ni la mbwa tu akumbuke kwamba mayai ya minyoo ya mbwa hukaa mchangani, na mchanga huo ndio uwanja wa michezo wa mwanawe. Minyoo hiyo huweza kufika hata katika jicho la mtoto na kuliharibu.

Ya nne ni kumwondolea kupe na viroboto. Kupe si mdudu wa kunyonya damu tu. Huingiza maradhi ndani ya damu. Mbwa aliyekuwa akiruka langoni, kisha akalala siku mbili bila kula, fizi zake zikawa nyeupe na mwili ukachemka, hakurogwa. Yaelekea ana homa ya kupe, na akipelekwa kwa bwana mifugo mapema, huweza kupona. Kumkagua masikioni, makwapani na katikati ya vidole mara moja kwa juma, na kumwogesha kwa dawa kama afundishavyo bwana mifugo, ni kazi ya nusu saa. Kazi hiyo wapewe vijana wa nyumbani chini ya macho ya mkubwa, ili wajifunze uangalizi.

Ya tano ni mahali pa kulala na uhuru wa kutembea. Mbwa ni mnyama wa jamii. Amezaliwa kuishi na wenziwe, na sisi tulipomchukua kwa wenziwe tulijifanya ndugu zake. Kumfunga mnyororo mfupi usiku na mchana, mwaka hata mwaka, ni kumfanya mfungwa asiye na kesi. Wako wafungao hivyo wakidhani mbwa atakuwa mkali. Kweli, hupata ukali, lakini ukali wa mwenda wazimu, usiochagua kati ya mwizi na mtoto wa jirani. Mlinzi mwema ni yule awajuaye watu wa nyumba, aitwaye kwa jina akaja, aambiwaye kaa akakaa. Ndani ya ua wenye uzio afunguliwe; palipo hapana uzio, atembezwe kwa kamba asubuhi na jioni. Afundishwe kwa kutuzwa, si kwa teke. Na kibanda chake kiwe na paa lisilovuja na sakafu iliyoinuka kidogo, isije mvua ikamlalia.

Ya sita, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo ukuta kati ya watoto wetu na kifo. Zipo pia chanjo za distempa na za kuhara damu, ugonjwa uitwao pavo ambao ulijulikana duniani tangu mwaka 1978 na hufyeka watoto wa mbwa kwa siku chache. Hizo huanza kutolewa mbwa akiwa na majuma sita hadi manane, na kurudiwa kama atakavyoelekeza mganga wa mifugo. Siku ya kampeni ya kichaa cha mbwa, hata watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu wasiachwe nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeshauri wachanjwe na wenzao. Cheti kiwekwe pamoja na hati nyingine za nyumba, na tarehe ya kurudia isisahauliwe.

Ya saba ni kuhasi. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na huweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mara moja. Je, nani atawalea? Mara nyingi tunaona jibu lake kwenye majalala ya masoko: watoto wa mbwa ndani ya boksi, macho hayajafunguka vema. Wachache waliosalimika ndio wawao mbwa koko wa kesho, wasio na chanjo wala mwenyewe. Kisha mtu yuleyule aliyewatupa ndiye wa kwanza kupiga kelele kwamba mtaa umejaa mbwa. Anayefuga na hataki watoto wa mbwa, amwite mganga wa mifugo amhasi dume au amfunge jike kizazi. Hilo ni bora kuliko kumtupia jirani mzigo.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twataka wanachama wetu walipime kwa makini. Mbwa wanapozidi mtaani, na hasa mtu anapoumwa, sauti ya kwanza isikikayo ni hii: "Wauawe!" Bunduki huletwa, au nyama yenye sumu hutupwa njiani. Watu huona mizoga na kudhani kazi imefanyika. Sisi twasema kazi haikufanyika, na ushahidi tunao wa visiwa viwili.

Kisiwa cha kwanza ni Flores, nchini Indonesia. Hapakuwa na kichaa cha mbwa huko hata mwaka 1997, mbwa wenye ugonjwa walipoletwa kwa mashua kutoka Sulawesi. Wakuu wa kisiwa waliamuru mbwa wauawe, na wakauawa wengi mno, hata katika sehemu nyingine zaidi ya nusu ya mbwa wote. Ugonjwa haukuondoka. Uliendelea kusambaa, na watu wakaendelea kufa miaka iliyofuata. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kumpenda mbwa wake alimficha au akamhamishia kijiji kingine, na pengine ugonjwa ukahama naye. Kwa sababu waliouawa walijumuisha wazima. Na kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa upesi na watoto wa mbwa wapya, ambao hawakuchanjwa.

Kisiwa cha pili ni chetu wenyewe, yaani Pemba. Uchunguzi uliofuatilia ugonjwa huu Pemba kutoka mwaka 2010 hadi 2020 ulionyesha kwamba chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza kutolewa kila mwaka, na kuboreshwa, mbwa wenye kichaa walipungua, watu walioumwa wakapungua, na vifo vikapungua, hata ilipofika Mei 2014 ugonjwa ukawa umetoweka. Kisha ukaja ulegevu. Chanjo ikaachwa, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kisiwani, si mara moja bali mara mbili. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na kufikia Oktoba 2018 ugonjwa ukatoweka kwa mara ya pili.

Hayo ni mafunzo mawili makubwa. La kwanza, chanjo hufanya kile ambacho bunduki haikuweza. La pili, chanjo si sherehe ya siku moja ya kupiga picha na kwenda zetu. Wataalamu wamekwisha sema kwamba yafaa mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Hapo mbwa mgonjwa akizunguka huku na huku, wengi wa wale atakaowauma watakuwa na kinga, na ugonjwa hufa kwa kukosa njia. Lakini mbwa hufa na wengine huzaliwa, hivyo wale 70 wa mwaka huu watakuwa wachache mwakani kama kazi haikurudiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa majeneza madogo.

Tena amwuaye mbwa aliyechanjwa anavunja kwa mkono wa kulia kile kilichojengwa kwa mkono wa kushoto. Mbwa yule alikuwa tofali katika ukuta wetu. Na mwananchi aliyempeleka mbwa wake akachanjwa kwa hiari, kisha akamkuta amepigwa risasi njiani, mwakani hatamtoa tena. Twapoteza mbwa, na twapoteza imani ya mtu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza ukatili kwa wanyama. Sheria hiyo haikutungwa ili ikae kabatini.

Hatusemi mbwa mwenye kichaa aachwe atembee. La hasha. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma hata miti na mawe, anayetokwa na mate mengi, au aliyelegea taya na miguu, asikaribiwe. Aitwe bwana mifugo mara moja. Na mbwa anayeonekana mzima lakini amemwuma mtu afungiwe salama na kuangaliwa kwa siku kumi.

Mtu akiumwa, yatupasa wote tujue la kufanya, maana hapo dakika zina thamani. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Lisipakwe pilipili, wala mafuta ya taa, wala majivu. Kisha mgonjwa aende hospitali siku ileile apate sindano za kinga, na azimalize zote kama alivyoandikiwa, hata kama jeraha limekwisha pona. Ndugu zetu, dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Lakini akitibiwa mapema kabla ya dalili, huokoka. Elimu hii ilianza tarehe 6 Julai 1885, siku ambayo Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumdunga sindano mtoto Joseph Meister mwenye umri wa miaka tisa, naye akaishi. Ni aibu kwa dunia kwamba baada ya muda wote huo watoto wangali wakifa kwa ugonjwa uzuilikao. Ndiyo maana mataifa yameweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu yeyote kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Liko jambo jingine liwahusulo wafanyakazi wa hoteli, madereva wa watalii na walinzi wa mbuga. Mwaka 1994 distempa iliingia katika simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wale, yaani wapatao 1,000, walitoweka. Wataalamu waliuhusisha ugonjwa huo na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Basi mbwa asiyechanjwa huweza kugusa hata mkate wa mtu aliye mbali, asiyefuga mbwa kabisa.

Najua itasemwa kwamba fedha ni haba na barafu ya kuhifadhia chanjo haifiki vijijini. Kuhusu barafu, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 umeonyesha kwamba ipo chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo hukaa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi bila kupoteza nguvu. Kuhusu fedha, na tupige hesabu. Mtu aliyeumwa huhitaji sindano kadha, nauli za kwenda na kurudi hospitali, na siku za kazi zinazopotea. Mbwa huhitaji sindano moja kwa wakati wake. Mwenye akili hununua kipi? Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa pia ni rahisi kuliko tiba.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu kwa matawi na mashina yetu.

Kwanza, kila balozi aandike idadi ya mbwa walio katika nyumba zake, na mwenyewe wa kila mmoja. Huwezi kufikia 70 kati ya 100 ikiwa hiyo 100 yenyewe huijui. Orodha hiyo ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na kwa bwana mifugo wa kata, ili chanjo ziagizwe kwa hesabu, si kwa kukisia.

Pili, siku ya chanjo itangazwe mapema misikitini, makanisani, shuleni na magengeni, na kituo kiwe karibu. Mara nyingi waletao mbwa ni watoto. Basi siku hiyo iwe Jumamosi au wakati wa likizo, na vijana wa Chama wawe pale na kamba za kuwasaidia. Bibi mzee asiye na nguvu ya kumvuta mbwa wake afuatwe nyumbani kwake.

Tatu, wale wenye madaraka waombwe kwa adabu, lakini bila kunyamaza, watenge fungu la chanjo ya mbwa katika bajeti za halmashauri kila mwaka, wala lisiwe la kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Pemba imetuonyesha bei ya ulegevu.

Na kwa mfugaji mmoja mmoja twasema hivi: kama huwezi kumpa mbwa maji, chakula, kivuli, dawa na chanjo, usifuge. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa na mbwa. Lakini ukishamchukua, umeandikiana naye mkataba, ijapokuwa hakuna karatasi. Yeye hutimiza upande wake kila usiku. Chama chetu kimefundisha tangu mwanzo kwamba kumtumikisha mtu na kumnyima haki yake ni unyonyaji. Hatuoni sababu ya fundisho hilo kukomea mlangoni, likamwacha nje yule alindaye mlango.

Ndugu, leo jioni kabla hujalala, nenda uani ukatazame bakuli la mbwa wako. Kisha kitafute cheti chake, usome tarehe ya chanjo. Ikiwa imepita, au ikiwa cheti hakipo, kesho asubuhi mtafute bwana mifugo kabla hujakwenda kazini.